Jiko Lililo Nje ya Mwili

Siku ya kumi na moja, Kungs hajapata choo.
Nahesabu kwa wanja kwenye kalenda ya duka la dawa,
mstari mmoja kila asubuhi, kama mfungwa,
ila kilichofungwa hapa ni tumbo.

Kungs ni mjusi. Kwa Kilatvia jina lake ni Bwana,
na kweli ana ndevu, ana kidevu cha hakimu;
nikimletea majani ya kabichi hunitazama
kana kwamba nimechelewa kikao.
Si wangu. Ni wa Raitis, mwanangu,
aliyekwenda Dublin kufungasha nyama kiwandani
akaniachia sanduku la kioo, taa mbili,
kopo la nyenje wanaolia usiku kucha,
na karatasi: *Mama, mchana usizime taa ya joto.*

Nilizima.

Bili ya umeme ilikuwa imekuja, Daugava imeganda,
nami nashinda na koti ndani ya nyumba.
Nikasema: saa mbili tu, adhuhuri, nani atajua?
Nikampa nyenje tisa, wanono, nimewapaka unga wa chokaa.
Akawameza mmoja mmoja, macho amefumba kwa utamu,
nikabonyeza swichi.
Niliokoa senti ngapi, sijui.

Daktari Alevtina Pavlovna alimweka mizanini,
gramu mia tatu themanini na nne,
akamgeuza, akambonyeza kwa kidole gumba.
Kwenye eksirei, chini ya mbavu, wingu limekaa kitako.
"Wewe ukila," akaniambia, "moto unao ndani.
Huyu jiko lake liko nje ya mwili.
Ukilizima, chakula hakiivi. Kinakaa. Kinaoza."
Nikamwambia balbu iliungua.
Kungs alinitazama kwa jicho moja, akanisitiri.

Asile kwanza. Jiwe lake lifike digrii arobaini.
Maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni,
tone la mafuta mdomoni,
tumbo lisuguliwe polepole kuelekea mkiani.

Basi nimelitoa beseni la buluu darini,
lile la Raitis, lenye ukingo ulioliwa na meno yake ya kwanza.
Natia kiwiko kupima joto; mkono haujasahau.
Kungs anatulia majini, miiba yake laini kama brashi iliyochakaa,
na chini ya kidole changu lipo gumu,
mfano wa harage lililosahauliwa kwenye mfuko wa koti.
Nasugua. "Toa, baba. Toa. Hapa hakuna mgeni."

Jumapili simu inalia.
"Amekula?"
"Daktari amekataza."
"Choo?"
"Bado."
"Taa inawaka?"
"Inawaka."
Nyuma yake nasikia mashine zikikata kitu kizito.
"Haya, mama." Na mimi nabaki nimesimama wima
kama askari aliyemaliza kutoa ripoti.

Usiku wa kuamkia ya kumi na mbili sikulala.
Saa kumi na moja alfajiri nikamrudisha majini,
nikasugua, nikasinzia, nikasugua,
mara mkia ukainuka.

Niacheni niseme bila haya: lilikuwa zuri.
Refu kama kidole changu cha mwisho, jeusi,
lina kilemba cheupe kichwani,
na mguu mmoja wa nyenje umechomoza mzima
kama shahidi aliyekataa kuhongwa.
Nikacheka peke yangu, kwa sauti,
hadi Genadijs wa ghorofa ya chini akagonga bomba.
Gonga, jirani. Leo gonga.

Nikamfuta, nikamlaza juu ya jiwe,
nikawasha taa zote mbili. Bili na ije.
Akafungua mdomo kidogo, akaota joto,
ngozi ya shingo ikaanza kurudi rangi ya asali.

Ndipo nikakumbuka supu yangu ya biti, ya tangu juzi.
Niliionja nimesimama dirishani, baridi kama bomba la nje,
kwa kijiko kile kile cha kupimia chokaa.
Kijiko cha pili nikakirudisha sufuriani.

Nikawasha jiko.